Muhula wa Kuachia Mkono

Jumatatu, wiki ya kwanza

Mvua imeanza siku moja na mimi. Nimefika kituoni viatu nimeshika mkononi, suruali imelowa hadi magotini, na maneno yote niliyoyapanga njiani yamenitoka. Kituo hiki cha vijana zamani kilikuwa kiwanda cha mikate. Tanuri bado liko nyuma, wameligeuza stoo ya mipira na mikeka, na kuta zikipata unyevu zinatoa harufu ya unga wa zamani. Wanaokuja hapa ni vijana walioacha shule njiani, kila mmoja na sababu yake. Mimi niko mwaka wa pili chuoni, nasomea makuzi ya watoto na vijana, na muhula huu wote nitakuwa hapa kwa mafunzo ya vitendo.

Msimamizi ni mama wa makamo mwenye bunda la funguo kiunoni. Vijana wanamwita Mama Funguo, naye anaitika. Nilijitambulisha kwa jina langu, la baba na la babu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Haya, karibu. Fagio liko nyuma ya mlango." Sijampenda.

Jumanne

Vijana wameshanipa jina, wananiita Chuo. Nimerudi nyumbani kichwa kimevimba, nikamsimulia dada, ambaye ndiye ninayeishi kwake. Shemeji akadakia kutoka chumbani, "Chuo kikuu au chuo cha ushonaji?" Shemeji yangu ana mdomo. Siku moja utamponza.

Ijumaa

Nimepiga deki asubuhi na jioni. Hiyo ndiyo elimu ya juu.

Jumatano, wiki ya pili

Kila mwanafunzi anatakiwa achague kijana mmoja wa kumfuata kwa karibu muhula mzima. Wenzangu walioko vituo vingine wamechagua wapole. Mimi sikuchagua, nimechaguliwa. Msichana mmoja mrefu, mikono haimtulii, alivuta kiti akakaa karibu yangu na kuanza kuongea katikati ya habari, kana kwamba tuliishia hapo jana. Wenzake wanamwita Redio. Wanasema hana kitufe cha kuzimia.

"Baba yangu ni rubani," akaniambia. "Ndiyo maana siku za mawingu hawezi kuja kuniona."

Msichana aliyekuwa jirani akasema, "Jana ulisema ni nahodha wa meli."

"Alibadilisha kazi."

Nikamuuliza Mama Funguo pembeni. Akasema Redio ana miaka kumi na minne, anaishi mtaa wa nyuma kwa mama yake mdogo, yaani mke wa baba mdogo, chumba kimoja na watoto wengine wadogo. Kuhusu baba, akasema, nisimchokonoe. Halafu akanieleza jambo lenyewe. Mama mdogo anataka kumpeleka mji mwingine kwa ndugu wa mumewe akalee mtoto. Mama Funguo amemwomba avumilie hadi mtihani wa kurudishwa shuleni, ambao ni mwisho wa muhula huu. Redio akifaulu, shule inampokea tena. Asipofaulu, anakwenda kulea. Kusoma anasoma, kuandika anaandika, lakini hesabu za sehemu hazipandi hata kwa ngazi.

Nimesema hiyo kazi niachieni mimi. Nilisema kwa sauti, na nilijisikia vizuri sana kuisema.

Jumatatu, wiki ya tatu

Mvua. Redio hajui kwamba robo ni ndogo kuliko nusu. Anasema nne ni kubwa kuliko mbili, kwa hiyo nimwache.

Alhamisi

Nimepata njia. Ndani ya tanuri kuna trei za zamani za kuokea, zile zenye vyumba vya mikate, na kila trei ina vyumba kumi na viwili. Nimetoa moja, nimeisugua kutu, nimempa chaki. Akaweka alama vyumba sita. "Hii nusu," akasema. Akaweka vitatu. Akanyamaza, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya. "Kumbe robo ni kadogo tu," akasema.

Tulipokuwa tunafuta trei nikamuuliza kwa nini wananiita Chuo, nikitaka kusifiwa kidogo. Akanishangaa.

"Wote mnaitwa Chuo."

"Wote akina nani?"

"Mnaokuja na kuondoka. Wewe ni Chuo wa mvua. Kabla yako kulikuwa na Chuo wa miwani, na Chuo wa kucha, na yule aliyekuwa analia chooni."

"Wakaenda wapi?"

"Walimaliza," akasema, akaendelea kufuta.

Jumanne, wiki ya nne

Baba yake leo ni daktari wa ng'ombe.

Ijumaa, wiki ya nne

Mama Funguo bado hajalijua jina langu. Namwona anavyowapita vijana, hamshiki mtu bega, hamwulizi mtu amelalaje. Anafungua makufuli, anafunga makufuli. Nilimwandikia Daktari, mhadhiri wetu, kwamba msimamizi wangu hana moyo wa kazi hii. Daktari akanijibu kwa upole kwamba nisiwe mwepesi wa kuhukumu. Daktari ni mtu mzuri, na sisemi hivyo kwa sababu ananipa maksi. Ukiongea naye anaweka kalamu chini.

Jumatano, wiki ya tano

Leo Redio ameniita dada. Ilimtoka tu. "Dada, theluthi mbili za trei ni vyumba vinane, sivyo?" Hakushtuka, mimi ndiye niliyeshtuka. Vilikuwa vinane kweli.

Nampenda huyu mtoto. Darasani neno hilo hatulitumii, tunasema mahusiano ya kiutendaji. Basi, nina mahusiano ya kiutendaji na Redio kiasi kwamba siku za Jumapili namtafutia maswali.

Jumatatu, wiki ya sita

Mvua kubwa, kelele za bati hazituachi tusikilizane. Tumefanya hesabu kwa ishara za vidole.

Alhamisi, wiki ya sita

Mama mdogo amekuja kituoni akiwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Nilimtegemea mwanamke wa roho mbaya, na kwa kweli nilishajiandaa kumchukia. Ni msichana tu, sidhani kama amenizidi umri. Amechoka mpaka kope. "Mwanangu huyu nampenda," akasema, akimaanisha Redio, "ila ndani hatuenei. Akipata shule, na mimi nitashukuru. Asipopata, nifanyeje?" Nikamwambia atapata. Redio alikuwa nyuma ya mlango, na aliponiona nimemwona akacheka kwa aibu.

Jumanne, wiki ya saba

Mhadhara wa leo nauandika wote, maana ulinigusa.

Daktari amesema sisi wa mafunzo ya vitendo tuna ugonjwa mmoja. Tunaingia katika maisha ya kijana, tunamzoesha, kisha muhula unakwisha tunakatika ghafla, na yeye anabaki na kidonda kingine juu ya vile alivyokuja navyo. Kwa hiyo kuanzia wiki ya nane tunaanza hatua ya mwisho, anayoiita kuachia mkono. Usikae tena ubavuni kwake, kaa upande wa pili wa meza. Akikuletea swali au furaha, mwelekeze kwa mfanyakazi wa kudumu, maana huyo ndiye atakayebaki. Fupisha mazungumzo. Usijibu habari za maisha yako. Fanya polepole, bila ukali, ili siku ya kuondoka kwako asione tofauti.

Mwenzangu mmoja akauliza itakuwaje kijana akiumia. Daktari akasema, "Ataumia kidogo sasa ili asiumie sana baadaye." Nilimkumbuka yule Chuo aliyelia chooni, nikasema moyoni kwamba mimi sitafanya vile. Nimekubali kabisa. Nataka nimwachie Redio vizuri.

Jumatano

Nimemweleza Mama Funguo mpango wa kuachia mkono. Alikuwa anatafuta ufunguo wa stoo ya mafuta. "Fanya kama walivyokufundisha," akasema. Nilidhani angenipinga, na nikiri nilitamani anipinge kidogo. Lakini kama kungekuwa na ubaya, mtu wa miaka yote hiyo kazini angesema.

Jumatatu, wiki ya nane

Nimehamia upande wa pili wa meza. Redio akahamisha kiti chake akanifuata. Nikamwambia hapo pananitosha peke yangu, nina makaratasi. Akasema, "Sawa, dada."

Jumanne

Nyumbani vita. Dada anamwachisha mtoto ziwa. Amevaa gauni la kufungwa hadi shingoni, na mtoto anamfuata chumba hadi chumba akilia kama king'ora. Shemeji amehamia kwenye ngazi ya nje na chai yake.

Alhamisi

Leo sijisikii vizuri. Acha niandike ilivyokuwa.

Mvua ilikuwa imepasua paa upande wa tanuri, maji yanatiririka, Mama Funguo yuko juu ya meza na ndoo, anaita vijana wamsogezee nyingine. Redio alikuwa peke yake kwenye kona na trei yake. Nilimpa jana swali ambalo hata mimi lilinisumbua nikiwa shuleni, la kujumlisha sehemu ambazo asili zake, zile namba za chini, hazifanani. Nilijua hataliweza kwa siku moja.

Nikasikia kiti kikianguka. Akaja mbio na ile trei ameibeba kwa mikono miwili, chaki imemjaa hadi kwenye nyusi. "Dada. Dada, tazama. Nimelipata. Nimelipata mwenyewe, sikuangalia popote."

Nililiona kutoka nilipokaa. Lilikuwa sahihi, mstari kwa mstari.

Nikasema, kwa sauti ile tuliyoifanyia mazoezi darasani, "Vizuri. Mwonyeshe Mama Funguo."

Akacheka, alidhani namtania. Akaisogeza trei karibu nami zaidi. "Si uangalie kwanza wewe?"

"Mama Funguo ndiye wa kumwonyesha. Nenda."

Akaenda. Akasimama chini ya ile meza, trei mikononi, maji yanamrukia. Mama Funguo alikuwa juu, hakumwona, na angemwona asingeweza kufanya lolote na ndoo ile. Redio alisubiri. Sijui alisubiri kiasi gani, kwangu ilikuwa sana. Matone yakaanza kufuta hesabu. Nilimwona akitazama tarakimu zinavyoondoka, hakuifunika. Mwisho akaenda akaiegemeza trei ukutani, akachukua ndoo, akaungana na wenzake.

Nilibaki nimeshika kalamu. Miguu ilitaka kwenda. Nikaiambia itulie, hiyo ndiyo kazi.

Ijumaa

Dada ameshindwa. Nimerudi nimemkuta kitandani na mtoto anayonya huku ameshika kola ya gauni kwa ngumi, asije akafungiwa tena. Dada akaniambia, "Alivyokuwa analia vile, nilijua bado ana matumaini na mimi. Jana alipoacha kulia akanigeuzia mgongo, nikaogopa." Shemeji akasema afadhali, chai ya kwenye ngazi inapoa upesi.

Nimelala mapema. Sijalala.

Jumanne, wiki ya tisa

Redio alikuja, akafanya maswali yake, akaondoka. Nilimuuliza baba yake siku hizi anafanya kazi gani, ingawa kanuni inakataza. Akasema, "Sijui." Mama Funguo amesema, "Huyu mtoto ametulia siku hizi." Alisema kwa kusifu.

Jumatano, wiki ya kumi

Daktari amekuja kunitazama kazini. Alivaa koti la mvua na akapiga deki matope yake mwenyewe mlangoni, ndivyo alivyo. Akakaa kona moja na daftari.

Mimi nilikuwa na kundi la wadogo. Redio alikuwa dirishani peke yake, mikono mapajani, anatazama barabara. Hakuongea na mtu asubuhi nzima. Nilipopita karibu naye kuchukua karatasi hakuinua kichwa. Nilipopita tena, hakuinua.

Daktari akanivuta pembeni, macho yanang'aa. "Umeona? Hata hakugeuka. Wiki chache zilizopita uliniandikia kwamba anakufuata kila mahali. Hii ndiyo kuachia mkono. Ni mara chache naiona ikifanywa safi hivi."

Nikasema, "Hakuwa hivi, Daktari. Huyu hanyamazi hata ukimwomba."

"Anajifunza kusimama mwenyewe. Usiuonee wasiwasi utulivu."

Ningesema nini, kwamba napendelea alie?

Wakati wa kuondoka nilimpa Redio karatasi ya maswali ya mwisho kabla ya mtihani. Aliipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, kama anayepokea kitu kwa mgeni.

"Ahsante, Chuo," akasema.

Jumatatu, wiki ya kumi na moja

Redio hakuja.

Jumanne

Hakuja. Barabara ya mtaa wa nyuma imejaa maji, huenda ni hilo.

Jumatano

Hakuja. Wanafunzi hatuendi majumbani bila ruhusa, kwa hiyo nimempigia Daktari. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza taratibu, "Anayehitaji kwenda ni yeye au ni wewe?" Akasema mtu anayeachia mkono hupata hamu ya kushika tena, na kwamba huo ndio mtihani wangu mimi. Mtihani wangu. Nilikata simu nikiwa nimekubaliana naye, na nusu saa baadaye nikawa na hasira hadi nikamfokea shemeji ambaye alikuwa ananiuliza tu kama nimekula.

Ijumaa

Mama Funguo amempigia mama mdogo, simu haipatikani. Amesema ataendelea kujaribu. Maji bado yako magotini. Nimejiambia Alhamisi ijayo atakuja, mtihani anaujua, siku anaijua.

Alhamisi, wiki ya kumi na mbili

Mtihani umefanyika leo katika ukumbi wa shule, madirisha wazi, jua limetoka kwa mara ya kwanza tangu nifike. Nilisimama getini tangu walipofungua. Wamekuja vijana wetu wengine watatu. Kiti cha Redio kilikuwa mstari wa mbele. Msimamizi wa mtihani aliliita jina lake halisi, ambalo sikuwahi kulisikia likiitwa na mtu mzima, akatazama huku na huku, akaendelea na linalofuata.

Kutoka pale sikumpigia mtu simu. Nimekwenda.

Mama mdogo alikuwa anaanika magodoro nje. Aliponiona akaacha, akanipa kigoda, akaniletea maji, heshima zote. Nikamuuliza mtoto yuko wapi.

"Aliondoka Jumamosi, sasa inakwenda wiki ya pili," akasema. "Si mimi niliyempeleka, dada yangu, usinielewe vibaya. Mimi nilimwambia subiri mtihani, tumevumilia miezi yote hii, wiki mbili ni nini? Akasema hapana. Aliomba mwenyewe. Akafunga nguo zake mwenyewe."

"Alisema kwa nini?"

Akakung'uta godoro, akakaa juu yake. "Alisema waliokuwa wanamfundisha wameshamaliza naye. Nikamwambia si kweli, yule dada anakupenda. Akasema kule kuna mtoto mchanga, na mtoto mchanga hamchoki mtu."

Nilimwomba ampigie Redio niongee naye. Simu anayotumia sasa ni ya jirani, yake iliingia maji, na jirani alituazima kwa kunung'unika. Iliita sana. Alipokea mama mwenye nyumba, kisha nikasikia mtoto analia, kisha sauti ya Redio, chini, kama ya mtu aliye kwenye foleni.

"Shikamoo, Chuo."

Hakuwahi kuniamkia. Nikamwambia nilikuwa nimekosea. Nikamwambia lile swali la siku ya paa lilikuwa sahihi, lote, nililiona, na nilitaka kuruka. Nikamwambia mtihani mwingine upo mwakani, nitakuja mwenyewe kumchukua. Nilisema mengi, nilikuwa mimi ndiye redio. Yeye alikuwa anasema "sawa" kila nilipovuta pumzi.

Nikaishiwa. Nikatafuta mzaha wetu. "Na baba siku hizi anafanya kazi gani?"

Mtoto alikuwa ameacha kulia.

"Baba yangu alikufa, Chuo," akasema. "Samahani, naomba nikambadilishe mtoto."

Ijumaa

Nimemweleza Mama Funguo. Akakaa juu ya kizingiti na funguo zake mapajani. Nilikuwa nimejiandaa kumlaumu, nikamwambia, "Kwa nini hukunizuia?"

"Nikuzuie mimi?" akasema. "Wewe ndiye unayesomea. Mimi nilidhani mnajua."

Alikuwa analia, bila kujifuta. Wiki zote hizi nilimwona hana moyo. Hana mtu, hilo ndilo analokosa. Yeye ni mmoja, vijana ni wengi, na sisi tunakuja kuazima watoto wake, kisha tunamrudishia.

Jumatano, wiki ya kumi na tatu

Nimekwenda ofisini kwa Daktari na nimemweleza yote, kuanzia trei hadi simu. Aliweka kalamu chini. Alisikitika, naamini alisikitika kweli, alivua miwani akaiweka mezani. Nikamwambia kuachia mkono ndiko kulikomwondoa. Akasema huenda, na huenda angeondoka tu, mazingira ya nyumbani yalikuwa yanamsukuma. Nikasema alikuwa amesubiri miezi. Akasema, "Ndiyo," akaivaa tena miwani.

Kisha akachukua kalamu. Akasema uwezo wangu wa kujitazama na kujikosoa ni wa kiwango cha juu, na kwamba ataniongezea maksi katika kipengele cha tafakuri. Ameniomba muhula ujao nije kuzungumza na mwaka wa kwanza. Nimetoka bila kumjibu. Alama ziko ubaoni: nimekuwa wa kwanza darasani.

Ijumaa, mwisho wa muhula

Nimekwenda kituoni kuaga. Paa limezibwa. Mtu amechukua ile trei na kuitandika chini ya mlango wa nyuma watu wakanyagie matope, na vyumba vyote kumi na viwili vimejaa udongo mkavu. Niliiinua, nikaigonga ukutani, nikairudisha ndani ya tanuri. Sikuona pengine pa kuiweka.

Mama Funguo alinisindikiza hadi getini. Aliniita kwa jina langu, na la baba, na la babu.

Nilikuwa nimeshavuka barabara vijana walipopaza sauti nyuma yangu: "Chuo! Chuo!" Niligeuka mkono umeshainuka. Walikuwa wanamkimbilia kijana mmoja nisiyemjua, mwenye shati jipya na begi la chuo, anashuka kwenye baiskeli, anatabasamu, anatafuta pa kuiegemeza.